Mgonjwa wako kinga imeshuka na mwili unachemka: fanya hivi kabla ya panado

Nianze na kosa letu wenyewe. Mdogo wangu alikuwa kwenye kemo, saratani ya tezi, raundi ya pili. Siku ya tisa baada ya dripu tuko hapa Bombo, Uganda, mchana, jua kali la kukausha mihogo, yeye kajifunika blanketi mbili anasema anasikia baridi. Shangazi akampa panado mbili, homa ikashuka, tukafurahi na chai tukanywa. Usiku ikarudi. Asubuhi tukampeleka kliniki ya mtaani, wakamtoboa kidole, malaria hakuna, wakapima taifodi wakasema ipo kidogo, sijui hiyo kidogo wanaipima kwa kijiko gani, wakamchoma sindano moja ya seftriaksoni (antibiotiki) wakasema turudi kesho. Hiyo kesho ilipofika alikuwa ananiita mimi kwa jina la marehemu mama.

Hospitali kubwa kule Kampala daktari aliuliza swali moja kwanza, amepewa dawa gani kabla ya kuja? Tukamwambia sindano. Akanyamaza kidogo, akaandika. Damu ikachukuliwa ikawekwa kuoteshwa, siku tano nzima, haikuota kitu, manake sindano ikitangulia inaweza kuwadhoofisha wadudu wasiote tena kwenye chupa. Alhamdulillahi alipona, lakini baada ya wiki mbili wodini na dawa kali za kubahatisha, na mpaka leo hatujui ni mdudu gani aliingia kwenye damu yake. Raundi ya nne homa ikaja tena, safari hiyo tulishajua la kufanya, na mdudu akapatikana na jina lake. Tofauti ya hizo safari mbili ndo naandika hapa. Mi si daktari wala musawo (mhudumu wa afya), ni atendanti tu, wale wa kulala na mkeka chini ya kitanda cha mgonjwa, ila wodini ukikaa sana unajifunza kwa kuuliza.

Kwanza jua kama mgonjwa wako yumo

Watu wakisikia kinga imeshuka wanafikiria ukimwi peke yake. Yumo ndiyo, hasa kama CD4 (hesabu ya chembe za kinga) iko chini ya 200 au ameacha dawa. Lakini yumo pia aliye kwenye kemo, na kwake siku za hatari zaidi kwa dawa nyingi ni kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, pale chembe nyeupe zinazopigana, zinaitwa nyutrofili, zinaanguka. Kwenye karatasi ya CBC, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, ukiona nyutrofili 0.5 au chini, hiyo ndo 500 wanayoisema madaktari, maana yake askari wamekwisha getini. Yumo anayemeza predinisoloni (dawa inayolaza kinga) kila siku kwa miezi, aliyepandikizwa figo, mtoto mwenye utapiamlo mkali, na mtoto wa siko seli (selimundu) ambaye wengu wake (wengine mnaita bandama) unakufa polepole tangu utotoni.

Halafu kuna kundi moja linasahaulika kabisa, waliotolewa wengu baada ya ajali. Hapa kwetu boda zinaangusha watu kila siku, tumbo linapondeka, wengu unatolewa, mtu anapona anarudi kazini na hakuna aliyemkalisha chini kumwambia kwamba kuanzia siku hiyo homa yake si homa ya kawaida. Kama una kovu refu la tumbo na hujui walitoa nini, rudi uulize. Kuna chanjo zake, na kuna dawa ya kukaa nayo nyumbani ambayo daktari anaweza kukuandikia.

Kwa nini wadudu wa ajabu ajabu

Mtu mwenye kinga yake nzima anakula mdudu, mdudu anakufa tumboni, labda anaharisha siku mbili. Kwa mtu ambaye kinga imelala mdudu huyo huyo anavuka ukuta wa utumbo anaingia kwenye damu, na damu inafika kila mahali, ubongo, mifupa, moyo. Kwa hiyo wadudu ambao daktari wa kawaida haoni mwaka mzima ndo hao wanatokea. Kuna listeria, inakaa kwenye maziwa mabichi na ina tabia mbaya ya kuendelea kuzaana hata ndani ya friji. Kuna rodokokasi ya kwenye udongo wa zizi na mavi ya farasi na mifugo, inakula mapafu ya mwenye ukimwi taratibu mpaka unadhani ni tibii. Kuna bartonela ya viroboto vya paka na ya chawa wa mwilini. Kuna kapnosaitofaga, jina refu kama treni, iko kwenye mate ya mbwa, mtu mwenye wengu akiumwa na mbwa anawaza kichaa cha mbwa tu, asiye na wengu anaweza kwenda kwa huyu mwingine ndani ya siku chache.

Na kuna salmonela ambayo si taifodi. Huku Afrika hii si adimu hata, ila haijulikani mitaani, manake kila homa inapewa jina la taifodi, na tangu ule mlipuko wa taifodi Kampala mwaka 2015 ndo kabisa. Hii salmonela nyingine inapenda watu wa ukimwi, watoto wa siko seli, watoto wenye utapiamlo na waliotoka kuugua malaria, na mara nyingi haileti hata kuharisha, ni homa tu na damu kupungua. Na inarudi. Mtu mwenye VVU akipata salmonela ya kwenye damu mara kwa mara, Shirika la Afya Duniani linamhesabu yuko hatua ya nne ya ugonjwa, yaani si jambo la kumeza vidonge vya duka ukalala.

Sasa dawa. Ile seftriaksoni ambayo kila kliniki inachoma, listeria haiisikii kabisa, inasikia ampisilini. Brusela, mdudu mwingine wa maziwa mabichi, inataka dawa mbili kwa pamoja kwa wiki sita hivi. Rodokokasi miezi. Ndo maana jina la mdudu lina thamani kuliko sindano ya haraka uliyopewa bila kuulizwa chochote.

Andaa kabla homa haijaja

Nunua kipimajoto chako mwenyewe, cha dijito. Mkono kwenye paji la uso haupimi kitu, mkono wa aliyetoka kufua unaona kila mtu anachemka. Mzoee mgonjwa wako akiwa mzima, sisi tulikuwa tunapima asubuhi na jioni tunaandika kwenye daftari, kwa hiyo tulijua yake ya kawaida ni 36.6, ikifika 37.6 tunaanza kumkodolea macho. Weka kwapani pakavu mkono ukiwa umebana, au chini ya ulimi kama hajanywa chai sasa hivi, na jua kwamba kwapani inasoma chini kidogo kuliko mdomoni. Njia ya haja kubwa usipime kwa mtu wa kemo, wala usimwekee dawa huko, pale ngozi ni laini na ukikwaruza umefungulia wadudu mlango.

Mfuko wa ghafla, sisi wetu ni kavera (mfuko wa plastiki) ngumu ya supamaketi inaninginia nyuma ya mlango. Ndani: kadi ya hospitali, karatasi ya CBC ya mwisho, jina la dawa za kemo na tarehe ya dripu, orodha ya dawa zote anazomeza pamoja na za kienyeji (usifiche za kienyeji, daktari hakupigi), dawa zinazomdhuru, namba ya simu ya wodi, glavu pea kadhaa na kanula mbili (zile za kuingizia dripu kwenye mshipa) manake unaweza kufika usiku ukaambiwa katafute, shuka, na hela ya usafiri ambayo haiguswi hata kama sukari imeisha. Hii ya hela nairudia. Wagonjwa wengi wa saratani Uganda wanategemea taasisi ya saratani iliyoko kilima cha Mulago, Kampala, tangu mwaka 1967, wengine wanatoka Arua, wengine Moroto, na homa inapenda kuanza saa tano usiku. Ongea na mtu wa gari mapema, kubaliana naye bei kabla hujawa na presha, akijua una dharura bei inapanda yenyewe. Kama unaishi mbali sana, siku zile za 7 mpaka 14 bora mgonjwa akae kwa ndugu karibu na hospitali, hata kama hao ndugu wana maneno.

Homa imeingia, sasa hivi

Pima kwanza, panado baadaye. Si kwamba panado ni sumu, shida inaficha namba, na namba ndo itakayokufungulia mlango hospitali. Ikisoma 38.3 mara moja, au 38.0 ikakaa hapo saa nzima, kwa mtu wa kemo hiyo ni dharura, hata kama anatabasamu na anaomba rolex (chapati iliyoviringishwa na yai). Mtoto wa siko seli ikifika 38.5 hivyo hivyo, ondoka. Aspirini na ibuprofeni achana nazo kabisa kwa mtu wa kemo, damu yake inaweza kuwa haigandi vizuri.

Na usingoje usaha. Hii ilinishangaza sana siku nimeelezwa. Usaha wenyewe ni chembe nyeupe zilizokufa vitani, sasa kama chembe hazipo usaha utatoka wapi? Mdogo wangu alikuwa na kidonda kidogo pale kanula ilipokuwa, hakikuvimba, hakikuwa chekundu, kiliuma tu ukigusa, na sisi tukasema kimepona. Pia kuna wasiopata homa kabisa, wazee, na wanaomeza predinisoloni, hao mwili unaweza hata kupoa chini ya 36. Kwa hiyo angalia na mengine. Hesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya simu, mtu mzima akifika 22 au kupita amekaa tu kitandani, si vizuri. Binya kucha mpaka iwe nyeupe, achia, rangi irudi kabla hujamaliza kusema moja elfu, mbili elfu. Muulize leo ni siku gani, uko wapi, mimi nani. Kakojoa lini mara ya mwisho. Baridi ya kutetemesha mpaka meno yanagongana, hiyo mara nyingi ndo wadudu wako kwenye damu sasa hivi. Andika vyote na saa yake.

Kama hospitali iko mbali, piga simu wodini ukiwa njiani, si kabla ya kutoka. Na kama kituo cha karibu ni Health Centre IV (kituo cha afya, si hospitali kubwa) na Kampala ni masaa matano, pita hapo wampe dawa ya kwanza, usife njiani kwa sababu umesoma andiko langu linasema damu kwanza. Waombe tu wakiweza wachukue damu kabla, wakishindwa wakuandikie kwenye karatasi dawa gani, kiasi gani, saa ngapi.

Malaria wapime, lazima, hii ni Uganda. Lakini ikitoka ipo usiseme haya tumepata jibu. Malaria na wadudu wa damu wanatembea pamoja, na kile kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kusema ipo wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Na kile cha taifodi cha kuchanganya matone kwenye kibao, mi nilishaacha kukiamini, kinaonyesha askari wa zamani wanaokumbuka vita, hakionyeshi adui yuko ndani leo.

Ukifika dirishani

Sentensi ya kwanza ndo kila kitu. Usianze na salamu ndefu na habari ya barabara. Sisi raundi ya nne nilisema hivi: "Musawo, huyu yuko kwenye kemo, leo siku ya kumi, homa 38.6 saa mbili usiku, hajapewa dawa yoyote." Tulikuwa nyuma ya watu kumi na nne, tukaitwa. Safari ya kwanza nilisema "anaumwa homa" tukakaa kwenye benchi mpaka miguu ikavimba. Tena kama benchi limejaa wanaokohoa, omba akae nje kwenye upepo na barakoa, na wewe usiondoke dirishani.

Dawa ya mshipa kwa mtu wa kemo mwenye homa inatakiwa iingie ndani ya saa moja tangu afike. Kabla yake damu ya kuotesha, kalcha wanaiita. Uliza kwa adabu, "Musawo, kalcha mtachukua?" Mwingine atakujibu vibaya, vumilia. Utaona wanavyofanya: wanasafisha ngozi na spiriti au klorheksidini, wanaacha ikauke yenyewe, si kupuliza kwa mdomo, wanasafisha na kofia ya chupa, halafu damu inaingia kwenye chupa, mtu mzima mililita 8 mpaka 10 kila chupa. Watu wanaogopa wakiona damu imejaa hivyo, shangazi yangu alitaka kugombana, lakini wadudu kwenye damu ni wachache, ukichukua kijiko unaweza usimkute hata mmoja. Vizuri zaidi ikichukuliwa sehemu mbili tofauti, mkono huu na ule, manake mdudu wa juu ya ngozi anaweza kuingia chupa moja kwa bahati mbaya, akitokea kwenye zote mbili basi ni yeye kweli. Ukitumwa wewe kupeleka chupa maabara, na utatumwa, nenda moja kwa moja, usiiweke kwenye friji wala pembeni ya barafu za soda. Friji inaua ushahidi.

Kama mishipa haionekani na muda unaenda, dawa isingoje damu. Hapo hakuna ubishi.

Kwa mwenye ukimwi wa hali ya juu waulize na kile kipimo cha mkojo cha tibii, manake tibii nayo inaingia kwenye damu, na kwenye chupa za kawaida haioti, inataka chupa zake na inaweza kuchukua mpaka wiki sita. Brusela nayo inachelewa. Kwa hiyo kama mlikunywa maziwa mabichi kule kwa wafugaji, Nakasongola au Kiruhura, sema mapema, wasije wakatupa chupa wakidhani hamna kitu.

Fuatilia hiyo chupa

Chukua namba ya maabara, piga picha na simu. Wadudu wengi wanajitokeza siku ya kwanza au ya pili, chupa inakaa mpaka siku tano ndo wanasema haijaota. Majibu yanaweza kulala kwenye daftari la maabara huku mgonjwa anaendelea na dawa isiyo yake, nimeona kwa macho. Mi nilienda siku ya pili asubuhi. Fundi wa maabara, kijana mpole sana, akanionyesha chupa kwa kuigeuza: kitako kilichokuwa na rangi ya bluu ya kijani kilikuwa kimegeuka njano. Akasema mdudu akila anatoa hewa, ile hewa ndo inageuza rangi, na mashine inalia. Kesho yake jina likatoka, salmonela, si ya taifodi, pamoja na orodha ya dawa, hii inamuua, hii haimuui. Moja ya zile zisizomuua ndo ilikuwa inaingia kwenye mshipa wa mdogo wangu saa hiyo. Wakabadilisha jioni ile ile. Siku mbili baadaye akaomba matoke.

Uliza mambo matatu: imeota nini, dawa ipi inamuua, na ataendelea nayo siku ngapi. Kisha uliza alipitia wapi. Kama ana mpira wa kudumu kifuani au mkononi huenda mpira wenyewe ndo nyumba ya mdudu na utatakiwa kutolewa, dawa peke yake haitoshi.

Jikoni na uani

Daktari alituuliza maswali ya jikoni mpaka tukaona aibu. Maziwa mnachemsha? Ndiyo. Na bongo, ule mtindi, mnanunua wapi? Hapo tukaangaliana. Mtindi wa mtaani usiojua maziwa yake yalichemshwa au la, uache. Eshabwe pia, najua Wanyankole mtanichukia, lakini ile siagi ni mbichi. Rolex sawa kama yai limeiva mpaka kati na nyanya na kabichi zimepikwa humo humo, zile mbichi zilizokatwa tangu asubuhi hapana. Muchomo uive mpaka ndani, na usiwekwe juu ya ubao uliokatia nyama mbichi. Maji yachemke, ya kunywa na ya kusukutulia mdomo.

Kuku wetu walikuwa wanalala jikoni. Sina ushahidi kwamba salmonela ilitoka kwao, lakini wamehamishwa, na mdogo wangu hakusanyi mayai tena. Paka na mbwa wabaki uani, wasimlambe. Kulima avae glavu na buti au aache. Mswaki laini, wembe wa kunyolea aache kwa muda.

Dawa za kinga zisirukwe: Septrin kwa mwenye VVU aliyeandikiwa, penisilini mara mbili kwa siku kwa mtoto wa siko seli mpaka angalau miaka mitano, na chanjo zake, ile ya nyumokokasi iko kwenye ratiba ya watoto Uganda tangu 2013. Mama mmoja wodini aliacha penisilini kwa sababu mtoto alikuwa mzima. Alikuwa mzima kwa sababu ya penisilini.

Kipimajoto chetu sasa kimefungwa kamba kwenye msumari pembeni ya ule mfuko, baada ya watoto kukitumia kupima joto la uji. Betri yake ni ile ndogo ya duara ya saa ya mkononi, fundi saa anayo, nunua mbili.